Saqqara: Sanamu Zilizochongwa Zisionwe

Ukitoka Cairo kuelekea kusini, ukiufuata ukingo wa magharibi wa Mto Nile kwa kilomita zipatazo 30, mashamba na mitende hukatika ghafla na jangwa likaanza papo hapo. Uwanda huo wa mchanga, wenye urefu wa kilomita 7 hivi na upana wa kilomita moja na nusu, ndio Saqqara. Bondeni chini yake ulikuwepo mji wa Memphis, makao makuu ya Misri tangu ilipounganishwa chini ya mfalme mmoja, karibu mwaka 3000 KK. Memphis yenyewe imebaki magofu machache, kwa kuwa nyumba zake, hata majumba ya wafalme, zilijengwa kwa matofali ya udongo mbichi, na udongo umerudi kuwa udongo. Makaburi ya wakubwa wake yapo hadi leo, maana hayo waliyajenga kwa mawe.

Mmisri wa kale aliamini kwamba maisha baada ya kifo yana mahitaji yake: mkate, pombe, maji, nguo safi za kitani, na mtu wa kumtaja marehemu kwa jina. Aliamini pia, na hili huzungumzwa kwa nadra, kwamba walio hai hawatamtunza muda mrefu. Wahenga wetu walisema asiyekuwepo na lake halipo. Saqqara ni jitihada ya miaka elfu tatu ya kuhakikisha kwamba aliyekufa yupo, na lake lipo. Sanamu ndizo zilizobebeshwa mzigo mkubwa wa kazi hiyo.

Mfalme nyuma ya matundu mawili

Jengo linalotawala uwanda mzima ni piramidi ya ngazi ya mfalme Djoser wa Nasaba ya 3, aliyetawala karibu mwaka 2650 KK. Kabla yake wakubwa walizikwa chini ya mastaba, majengo marefu ya matofali yenye paa bapa. Imhotep, ofisa aliyesifiwa kizazi baada ya kizazi kuwa ndiye msanifu wa kazi hii, alijenga kwa mawe ya chokaa, akaweka daraja juu ya daraja hadi zikafika sita, kimo cha mita 60 hivi. Eneo lote lilizungushiwa ukuta wa mita 10 na ushei, wenye milango 15. Kati ya hiyo, 14 ilichongwa tu ukutani, na mmoja peke yake ndio uliopitisha watu. Katika vyumba na mapito ya chini kulirundikwa vyombo vya mawe vipatavyo 40,000, vingi vikiwa na majina ya wafalme waliomtangulia.

Kaskazini mwa piramidi, imeegemea ngazi ya chini, kuna sanduku la mawe lenye ukubwa wa chumba kidogo, lisilo na mlango. Limeinama kidogo kwa nyuma, na ukuta wake wa mbele una matundu mawili ya duara, usawa wa macho ya mtu. Msimu wa 1924 hadi 1925, mwanaakiolojia Mwingereza Cecil Firth aliyekuwa akichimba hapo alimkuta ndani Djoser mwenyewe: sanamu ya jiwe la chokaa, kimo chake sentimita 142, mfalme amekaa kitako, amevaa joho jeupe la sherehe za jubilei, mkono mmoja kifuani. Macho yake yalikwisha kung'olewa na wezi wa zamani, kwa kuwa yalitengenezwa kwa mawe ya thamani. Sanamu hiyo sasa iko Cairo, na anayechungulia matundu leo huona nakala yake.

Matundu yale hayakutobolewa kwa ajili ya wapita njia. Yalikuwa ya mfalme. Kupitia hapo aliona sadaka zilizoletwa mbele yake, akavuta harufu ya ubani, na akatazama anga ya kaskazini zilipo nyota zisizotua kamwe, ambazo Wamisri walizihesabu kuwa makao ya wafalme waliokufa. Sanamu iliyogharimu kazi kubwa namna ile ilichongwa, ikapakwa rangi, kisha ikafungiwa gizani daima. Wanaakiolojia wamekiita chumba cha aina hiyo sardabu, na kwa karne nne na zaidi baada ya Djoser kilijengwa katika makaburi mengi ya Saqqara na Giza.

Mwili wa akiba

Kulielewa jambo hilo kunahitaji kujua Wamisri walivyomgawa binadamu. Mtu alikuwa na mwili, moyo, kivuli na jina. Alikuwa na ba, iliyochorwa kama ndege mwenye kichwa cha mtu, iliyotoka kaburini mchana na kurudi usiku. Na alikuwa na ka, nguvu ya uhai iliyozaliwa pamoja naye. Ka ndiyo iliyokula na kunywa. Mtu alipokufa ka haikufa, ila ilihitaji mahali pa kukaa. Pasipo mwili, ingepotea.

Hapo ndipo penye tatizo. Katika karne za Djoser na waliomfuata, ujuzi wa kukausha maiti kwa magadi na kuzifunga kwa kitani ulikuwa bado mchanga. Miili mingi ilioza ndani ya vifungo vyake, na wezi waliichanachana mingine wakitafuta dhahabu. Sanamu ilikuwa mwili wa akiba, wa jiwe au wa mti, usiooza. Ndiyo maana mara nyingi haikuchongwa na makunyanzi wala kilema. Mwenye kaburi alijichagulia mwili ambao angependa kukaa nao milele, wa kijana mwenye misuli au wa mzee aliyenona kwa cheo na shibe.

Kilichoifanya sanamu iwe ya mtu fulani hakikuwa sura. Kilikuwa jina lililoandikwa juu yake. Ndiyo sababu wafalme wa baadaye, Ramesses II akiwa mashuhuri kati yao, waliweza kuzitwaa sanamu za waliowatangulia kwa kufuta jina na kuandika lao. Baada ya kuandikwa jina lilifuata tendo la kufungua kinywa. Kuhani aliyejitanda ngozi ya chui aligusa midomo ya sanamu kwa tezo na vifaa vingine, akisoma maneno yaliyopangwa, ili iweze kupumua, kula na kusema. Maiti nayo ilifanyiwa hivyo hivyo mlangoni pa kaburi. Kwa Mmisri, sanamu na maiti vilikuwa na kazi moja, na vilihitaji ibada moja.

Wakubwa na wakfu zao

Baada ya wafalme walikuja watumishi wao. Nasaba ya 5 na ya 6, kati ya takriban mwaka 2490 na 2180 KK, ziliijaza Saqqara makaburi ya mawaziri, makuhani na wasimamizi wa majengo. Ti, aliyesimamia piramidi za wafalme wawili, alijenga mastaba ambayo kuta zake zimejaa picha za uvuvi, kilimo, ushonaji wa mashua na uchinjaji wa ng'ombe. Sanamu yake, karibu mita 2 kwenda juu, ilisimama katika sardabu yenye nyufa nyembamba ukutani. Mereruka, waziri mkuu wa mfalme Teti na mume wa binti yake, alijenga kaburi lenye vyumba zaidi ya 30. Yeye hakujificha. Sanamu yake inasimama ndani ya mlango bandia, yaani mlango wa kuchongwa ukutani ulioaminiwa kupitisha ka, juu ya ngazi, mguu wa kushoto mbele, kana kwamba anashuka kuja mezani.

Kuna sanamu za Saqqara zilizosafiri mbali zaidi kwa umaarufu. Mwaka 1850 Mfaransa Auguste Mariette, aliyekuwa ametumwa Misri kununua miswada ya Wakristo wa Kikopti, aliacha kazi hiyo akaanza kuchimba hapa. Mwaka huo huo alipata sanamu ya mwandishi aliyekaa chini, miguu ameikunja, karatasi ya mafunjo magotini, ambaye sasa yuko Louvre, Paris. Jina lake limepotea, na kwa kipimo cha imani yake mwenyewe hiyo ni hasara kubwa kuliko kifo. Mwaka 1860 wafanyakazi wa Mariette walifukua sanamu ya mti wa mkuyu ya kuhani Ka-aper, mtu mnene, mwenye kipara, ameshika fimbo, macho ya fuwele yaliyozungushiwa shaba. Walipomwona walishtuka kwa jinsi alivyofanana na mkuu wa kijiji chao, wakamwita Sheikh el-Balad. Jina hilo ameendelea kuitwa hadi leo.

Ujanja wa kujilinda haukuishia kwenye sanamu moja. Mwaka 2018 wanaakiolojia wa Misri walifungua kaburi la Wahtye, kuhani wa enzi za mfalme Neferirkare, wakakuta chumba kimoja, chenye urefu wa mita 10 hivi, kikiwa na sanamu 55 zake na za jamaa zake zilizochongwa kwenye kuta. Miili 55 kwa familia moja.

Wingi huo una maelezo ya kiuchumi. Mtu mwenye uwezo alitenga mashamba yawe wakfu wa kaburi lake. Mavuno yalitoa mkate, pombe, nyama ya ng'ombe na ya bata bukini kwa ajili ya ka yake. Chakula kikishawekwa mbele ya mlango bandia na ka ikishapata sehemu yake, makuhani na familia zao walikula kilichobaki. Huo ndio uliokuwa ujira wao. Mpango ulikuwa mzuri kwenye maandishi. Ila mashamba hugombewa, watoto wa kuhani huongezeka, mfalme mpya huwa na kaburi lake la kulisha, na baada ya vizazi vichache mkate haufiki tena.

Kwa hiyo kila kinga iliwekewa kinga nyingine nyuma yake. Mkate usipoletwa, kuna mkate uliochorwa ukutani. Picha ikifutika, kuna maneno yanayotaja maelfu ya mikate, mitungi ya pombe, ng'ombe na kitani. Maiti ikioza, ipo sanamu. Sanamu ikivunjwa, ipo ya pili. Aliyepanga hivyo hakuwa mtu wa kuwaamini wajukuu zake.

Na walio hai nao hawakuwaachia wafu raha. Kuna kitambaa cha kitani kilichopatikana Saqqara, cha mwishoni mwa Ufalme wa Kale, yaani enzi ya nasaba hizo za mwanzo, chenye barua ya mjane na mwanawe kwa mume aliyefariki. Wanamshtakia kwamba watu wamevamia nyumba, wamebeba vilivyomo na kutaka kumwacha mtoto fukara, na wanamtaka asimame awatetee. Kesi za mirathi, kumbe, ni za kale kama piramidi, na marehemu alihesabiwa kuwa mhusika kamili katika kesi.

Adhabu kali kuliko zote ilikuwa kumwondoa mtu katika hesabu hiyo. Pembeni mwa piramidi ya Teti yapo makaburi ya maofisa ambao majina na picha zao zilitinduliwa ukutani kwa makusudi. Manetho, kuhani wa Misri aliyeandika historia ya nchi yake katika karne ya 3 KK, anasema Teti aliuawa na walinzi wake, na wataalamu wengine wanaona katika kuta hizo alama za adhabu ya waliohusika. Mwili unaweza kubaki, lakini ka haina pa kurudi bila jina.

Kutoka mlaji hadi mfanyakazi

Mwishoni mwa Nasaba ya 5, karibu mwaka 2350 KK, mfalme Unas alizikwa Saqqara katika piramidi ndogo ambayo kwa nje haina cha kusifiwa. Ndani, chini ya dari ya nyota, kuta zimejaa mistari ya maandishi yaliyotiwa rangi ya buluu. Hayo ndiyo Maandishi ya Piramidi ya kale kuliko yote yaliyopatikana, maneno ya kumsaidia mfalme kupanda mbinguni na kuungana na miungu. Mwanaakiolojia Gaston Maspero aliingia humo mwaka 1881.

Maneno hayo hayakubaki mali ya wafalme. Ufalme wa Kale ulipovunjika, watu wa kawaida wenye uwezo walianza kuyaandika kwenye majeneza yao, na baadaye, katika Ufalme Mpya, kwenye karatasi za mafunjo. Kila marehemu sasa alitarajia kuwa Osiris, mungu aliyeuawa na kuhuishwa. Alitarajia pia hukumu. Moyo wake ungewekwa kwenye mizani mbele ya waamuzi 42, upande wa pili ukiwekwa unyoya wa Maat, yaani haki na utaratibu. Moyo mzito uliliwa na Ammit, dubwana lenye kichwa cha mamba.

Aliyeshinda hukumu alipewa shamba katika nchi ya Osiris, na hapo likazuka tatizo jipya. Shamba sharti lilimwe. Misri yote ilijua kazi ya shokoa: ofisa wa mfalme anakuja kijijini, anasoma majina, na walioitwa wanakwenda kuchimba mifereji. Hakuna aliyefikiri kwamba akhera ingekuwa tofauti. Kuanzia Ufalme wa Kati, basi, sanamu ndogo ziitwazo shabti zilianza kuzikwa pamoja na watu. Zilikuwa na umbo la maiti iliyofungwa, mara nyingi na jembe mikononi na kikapu mgongoni. Maneno yaliyoandikwa juu yake yaliziagiza kwamba mwenyewe akiitwa kulima, kumwagilia au kubeba mchanga kutoka mashariki kwenda magharibi, ziitikie kwa niaba yake.

Sanamu ya Ti ililishwa. Shabti alitumwa. Mabadiliko hayo yanaonyesha jinsi akhera ilivyozidi kufanana na Misri yenyewe, hadi kwenye daftari la kazi. Awali shabti alikuwa mmoja au wawili, akimwakilisha marehemu mwenyewe. Baadaye wakawa kundi la vibarua: 365, mmoja kwa kila siku ya mwaka, na wanyapara 36 wenye mijeledi wa kuwasimamia, jumla 401. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, imo hati ya fundi mmoja anayekiri kupokea fedha kwa ajili ya idadi hiyo hiyo. Imani haikuwazuia watu kutaka risiti.

Aliyepita kiwango hicho kwa mbali alitoka kusini. Taharqa, mfalme wa Kushi, nchi iliyo Sudan ya leo, alitawazwa Memphis mwaka 690 KK, na katika utawala wake fahali mtakatifu wa Apis alizikwa Saqqara kama desturi ilivyotaka. Mwenyewe alizikwa kwao Nuri. Mwanaakiolojia George Reisner alipoichimba piramidi yake kati ya 1916 na 1918 alikuta shabti 1,070 za mawe.

Waliokumbuka

Saqqara haikuacha kupokea wafu. Maya, mweka hazina wa mfalme Tutankhamun, alizikwa hapa pamoja na mkewe Merit, na sanamu zao za chokaa zilifika Leiden, Uholanzi, katika karne ya 19, muda mrefu kabla kaburi lao halijagunduliwa upya mwaka 1986. Karibu na piramidi ya Unas kilifukuliwa kiwanda cha kuhifadhia maiti cha Nasaba ya 26, chenye vyungu vilivyoandikwa kilichomo na namna ya kukitumia. Uchunguzi wa kemia uliotangazwa mwaka 2023 ulibaini humo mafuta ya mwerezi, lami na utomvu wa miti, mwingine ukiwa umetoka misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Mwaka 2020 pekee, majeneza zaidi ya 100 ya mti, mengi bado yamefungwa, yalitolewa kwenye mashimo ya Saqqara pamoja na sanamu zilizopakwa dhahabu.

Je, mpango wao ulifanikiwa? Wakfu zilikufa zote. Makuhani walitawanyika. Mwishoni mwa karne ya 5 BK watawa wa Kikristo walijenga hapa monasteri ya Mtakatifu Jeremia, na mawe ya makaburi yakawa kuta na sakafu. Wezi hawakumwacha mtu. Upande huo, hofu ya wenye makaburi ilikuwa na msingi kamili.

Lakini walikuwepo waliokumbuka, na si wale waliolipwa kukumbuka. Mwana wa Ramesses II, Khaemwaset, kuhani mkuu wa mungu Ptah huko Memphis, alikarabati makaburi ya wafalme wa kale na kuandika upya majina yao. Maandishi yake yapo bado ubavuni mwa piramidi ya Unas. Zama hizo hizo mwandishi wa hazina aliyeitwa Hadnakht alikuja kutembea na nduguye katika majengo ya Djoser, wakati huo yakiwa na umri wa miaka 1,400, akaacha maandishi ukutani akiiomba miungu maisha na mazishi mema. Jina lenyewe la Djoser tunalijua kwa sababu ya vizazi hivyo vya baadaye. Katika mawe ya enzi yake mfalme anaitwa Netjerikhet.

Wengi wa wenye makaburi walilitarajia hilo. Juu ya milango yao waliandika ombi kwa wapita njia wasiowajua: hata kama hamna kitu mikononi, semeni maneno ya sadaka na mtutaje, kwani kusema hakuwagharimu chochote. Baada ya mashamba, makuhani, vyakula vya jiwe na miili 55, tegemeo lao la mwisho lilikuwa sauti ya mgeni. Ndilo pekee lililoshika. Msomaji akijaliwa kufika Saqqara, asiridhike na kusimuliwa vimo vya piramidi na uzito wa mawe. Amwombe mwongozaji amsomee majina yaliyo mlangoni, naye ayarudie kwa sauti.